Bunge si fundi wa nguo

Kila mara tunasikia wimbo ule ule: wadepite wakate sheria ya kukataza nguo fupi na video za aibu, sababu maadili ya inchi yanaoza. Mimi nasema hapana.

Kwanza, sheria iko tayari. Kitabu cha sheria za makosa, cha tarehe 30 Januari 1940, kifungu cha 176, kinaazibu mtu anayefanya mbele ya watu kitendo cha kuumiza haya: siku 8 mpaka miaka 3 ya kifungo. Lakini haya ya nani? Njiani ni polisi ndiye anapima na jicho lake. Na jicho la polisi mwenye njaa linaona aibu kwa msichana wa soko, halioni kwa mtoto wa mkubwa ndani ya jeep.

Pili, dawa hii tulisha kuinywa. Mobutu, wakati wa otantisite, alikataza kravati. Wanawake wakakatazwa pantalo na nywele za bandia. Wanaume wakavaa abakosti. Je, mioyo ilitakata? Mali ya leta iliibwa na watu waliovaa vizuri sana, kola imefungwa mpaka shingoni. Tena katazo lenyewe liliwapa vijana wa sape, nyuma ya Papa Wemba, sababu moja zaidi ya kutafuta suti za Ulaya. Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu mwenyewe akaruhusu kravati.

Kuna wenye kujibu: na watoto wetu je? Swali ni la kweli. Lakini pale kuna mtu anayeumia. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya jeuri ya kingono ilianza na watu walioumizwa, si na macho yaliyochukizwa. Mpaka ni huo. Penye mtu wa kuumizwa, wadepite wafanye kazi yao. Penye kichefuchefu tu, ni kazi ya mama, ya mwalimu, ya jirani anayesema: mwanangu, hii haipendezi. Kwa mama mtoto anaweza kujibu, hata kubisha. Kwa polisi habishi, analipa.

Naweza kuchukizwa na nguo ya mtu na bado nikakataa afungwe. Ninyi wandugu, mpaka mnauweka wapi?