Koh-i-Noor Haikustahili Gurudumu

Almasi hupasuka kwa kufuata pande nne, na pande hizo ndizo zilizopaswa kutoa amri katika karakana ya Garrard, London, Julai 1852, almasi ya Koh-i-Noor ilipokatwa upya. Amri ilitoka kwingine. Umbo la yai lenye nyuso zinazolingana kulia na kushoto lilikwisha kuchaguliwa kabla jiwe halijafungwa kwenye mashine, na kilichofuata kilikuwa kulilazimisha jiwe likubali. Koh-i-Noor iliingia karakanani ikiwa na karati 191 hivi kwa mizani ya leo, ikatoka na karati 105.6. Jiwe ghafi likipoteza kiasi hicho, hakuna mkata vito atakayeshangaa. Lakini hili lilikuwa jiwe lililokwisha kukatwa na kusuguliwa na mafundi wa India, na hasara ya zaidi ya asilimia 40 juu ya kazi iliyokwisha kukamilika haina jina jingine ila uharibifu.

Muundo wa almasi unajulikana. Kila atomi ya kaboni imeshikana na wenzake wanne, kwa pembe ya nyuzi 109.5 na umbali wa nanomita 0.154, na mshikamano huo unaendelea hivyohivyo kutoka ukingo mmoja wa fuwele hadi mwingine. Hakuna tabaka legelege kama ilivyo katika grafaiti, ambako karatasi za kaboni zimeachana kwa nanomita 0.335 na huteleza kwa mguso wa kidole. Ndiyo maana elementi ileile moja hutoa madini ya densiti 3.52 yanayokata kioo, na mengine ya densiti inayozidi 2 kidogo tu yanayoandikia karatasi.

Hata hivyo mishikano hiyo haikusambaa sawa kwa kila upande. Ukikata fuwele kwa mawazo sambamba na nyuso za oktahedroni, idadi ya mishikano inayovuka kila eneo ni ndogo kuliko upande mwingine wowote. Hapo ndipo almasi hupasuka, tena kwa urahisi: fundi huchora mfereji mdogo kwa ncha ya almasi nyingine, huweka ubamba wa chuma cha pua, hugonga mara moja. Oktahedroni ina nyuso nane, kila mbili zikiwa sambamba, kwa hiyo pande za mpasuko ni nne. Dhana kwamba almasi haivunjiki kwa nyundo ilienea tangu enzi za Plinio wa Roma, na haijafa mpaka leo. Ni dhana yenye madhara. Ugumu ni uwezo wa kukataa kukwaruzwa. Kukataa kuvunjika ni sifa nyingine kabisa, na katika hiyo ya pili almasi hushindwa na jedi.

Lawama nyingine inakiangukia kipimo cha Mohs, ambacho shule bado hukifundisha kana kwamba ni rula. Friedrich Mohs alipanga madini kumi mwaka 1812 kwa kuangalia lipi linalikwaruza lipi, na kwa kazi hiyo ya kupanga foleni kipimo chake ni kizuri. Tatizo huanza pale mwanafunzi anapoona korandamu kwenye 9 na almasi kwenye 10, akadhani zimepishana hatua moja. Kwa vipimo vya kubonyeza kwa ncha, almasi ni ngumu takribani mara nne ya korandamu. Ubaya zaidi ni kwamba namba moja huficha jambo ambalo kila mkata almasi hulijua kwa mikono yake: jiwe lilelile lina upande unaosagika na upande usiosagika. Kwenye uso wa mchemraba, gurudumu likienda sambamba na mhimili hula. Likienda kimshazari huteleza. Kwenye uso wa oktahedroni karibu haling'ati kabisa. Mafundi wa Amsterdam waliyajua haya vizazi vingi kabla William na Lawrence Bragg, baba na mwana, hawajaonyesha mpangilio wa atomi za almasi kwa mionzi ya eksirei mwaka 1913.

Koh-i-Noor yenyewe ilitoa onyo la upande usiosagika katikati ya kazi. Walipofika kwenye moja ya kasoro zilizotakiwa kuondolewa, gurudumu lilisaga kwa saa sita likizunguka mara 2,400 kwa dakika na karibu halikuacha alama. Jibu la karakana lilikuwa kuongeza kasi hadi mizunguko 3,000. Upande mgumu wa fuwele ni taarifa kwa fundi kwamba amekwenda kinyume na mpangilio wa atomi, na fundi aliye huru kubadili umbo hugeuza jiwe. Levie Voorzanger, aliyeletwa kutoka karakana ya Coster ya Amsterdam, hakuwa huru. Kazi ya mikono yake ilikuwa safi: siku 38, bila ufa mpya hata mmoja.

Kosa lilifanywa na waliokuwa juu yake, na lilianzia kwenye mwanga. Katika Maonyesho Makuu ya 1851 pale Hyde Park, watu walipanga foleni kuiona Koh-i-Noor wakaondoka wakinung'unika kwamba ni kama kipande cha kioo. Manung'uniko yalikuwa na sababu ya kifizikia iliyo wazi. Kiwango cha almasi cha kupinda mwanga ni 2.42, na kwa sababu hiyo mwale ulio ndani ya jiwe hurudishwa ndani endapo utaupiga uso kwa pembe inayozidi nyuzi 24.4 kutoka wima wa uso; ukiwa chini ya hapo, unatoka. Koh-i-Noor ya wakati huo ilikuwa kuba juu na bapa chini. Mwanga ulioingia kupitia kuba uliufikia uso wa chini karibu wima, ukapita moja kwa moja. Masonara wa India walilijua jambo hili, ndiyo maana waliweka karatasi nyembamba ya metali iliyong'arishwa nyuma ya vito vya aina hiyo ili irudishe mwanga. London jiwe liliwekwa ndani ya kizimba cha chuma kilichopakwa dhahabu, chini ya paa la kioo, nuru ya mchana ikiingia kutoka kila upande. Walijaribu taa za gesi na vioo, hali ikawa nafuu kidogo. Kilichohitajika kilikuwa mandharinyuma, giza na taa iliyolengwa vizuri. Mume wa Malkia, Prince Albert, aliamua kilichohitajika ni gurudumu.

Wala hakuamua bila kuambiwa. David Brewster, bingwa wa mwanga wa zama zake, alilichunguza jiwe akakuta vijishimo ndani yake, akaeleza kwamba haliwezi kukatwa upya bila kupungua sana. James Tennant wa King's College, mtaalamu wa madini, pamoja na Walter Mitchell, walikubali kwamba jiwe lingenufaika kwa kukatwa, lakini wakaonya kwamba kuligusa ubavuni kungeweza kulihatarisha lote. Tennant aliuona uso wa chini kuwa ni uso wa mpasuko. Yaani lile bapa lilifuata mpangilio wa atomi wenyewe. Ripoti ikapelekwa kwa Coster, ambao biashara yao ilikuwa kukata, nao wakasema hatari ni ndogo. Neno la wenye gurudumu likashinda neno la wenye darubini. Injini ya mvuke ikafungwa, jiwe likashikizwa ndani ya risasi, na Duke wa Wellington, mshindi wa Waterloo, akaja kuusugua uso wa kwanza kwa heshima.

Hesabu ya umbo ndiyo inayoumiza zaidi, kwa kuwa ingeweza kufanywa kwa penseli kabla ya injini kuwashwa. Jiwe la zamani lilikuwa na urefu wa sentimita 4.1 hivi, upana 3.26 na kina 1.62. Kina chake, basi, kilikuwa karibu nusu ya upana. Umbo la brilianti, ambalo karakana ililitaka, linataka zaidi ya hapo. Marcel Tolkowsky alipopiga hesabu zake mwaka 1919 alipata kina cha asilimia 59 hivi ya kipenyo kwa jiwe la duara. Ni kweli mwaka 1852 hesabu hizo hazikuwepo, lakini David Jeffries, sonara wa London hiyohiyo, alikuwa amechapisha vipimo vya brilianti tangu 1750, akitaka nyuzi 45 juu na chini, na vipimo vyake vinadai kina kikubwa zaidi. Kwa kina cha sentimita 1.62, brilianti ya duara yenye uwiano wa Tolkowsky isingezidi upana wa sentimita 2.7. Njia zilikuwa mbili: kulipunguza jiwe mpaka liwe dogo sana, au kuliacha umbo lake. Karakana ilichagua ya tatu isiyokuwepo, ikakata brilianti pana isiyo na kina. Matokeo ni jiwe la sentimita 3.6 kwa 3.19 kwa 1.3. Kina kimeshuka kutoka asilimia 50 ya upana hadi 41. Nyuso za chini zimelala mno, mwanga mwingi unaoingia katikati unatoka nyuma kama zamani. Kosa lililotakiwa kuponywa limebaki palepale, karati zaidi ya 80 zimekuwa unga. Albert mwenyewe hakuficha kwamba hakuridhika, na gharama ilikuwa pauni 8,000.

Kwamba kulikuwa na mifano ya kufuata ni jambo linalozidisha uzito wa kosa. Jean-Baptiste Tavernier, Mfaransa aliyezishika almasi za mfalme Aurangzeb wa Mogul mwaka 1665, aliandika kisa cha Hortensio Borgio wa Venisi, aliyepewa jiwe kubwa la Mogul akalisaga lote badala ya kuondoa vipande kwa kulipasua. Malipo yake yakawa faini ya rupia 10,000. Kitabu kilikuwa kimesomwa Ulaya kwa karibu miaka 180. Mtaalamu wa fuwele René-Just Haüy alikuwa ameonyesha mwaka 1784 jinsi vipande vya fuwele iliyovunjika vinavyorudia pembe zilezile. Halafu mwanakemia William Hyde Wollaston, aliyefariki London mwaka 1828, alinunua almasi zenye kasoro kwa bei ndogo, akazipasua palipo na kasoro kwa kufuata pande za fuwele, akauza vipande kwa faida. Mtu wa namna hiyo akiwa chumbani, swali la kwanza lingekuwa mipasuko iko wapi, na umbo lingekuja baadaye.

Joseph Asscher alifanya hivyo kwa Cullinan. Jiwe la karati 3,106 lililopatikana Afrika Kusini mwaka 1905 lilichunguzwa kwa wiki nyingi, likachorwa mfereji, likagongwa Februari 1908 na kupasuka pale alipokusudia. Nalo lilipoteza uzito mwingi, lakini lilikuwa ghafi. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayoiokoa almasi ya waridi ya Mwadui, Shinyanga, iliyopatikana mwaka 1947 kwenye mgodi wa John Williamson: iliingia karakanani London na karati 54.5 ikatoka na 23.6. Ilipungua kwa kiwango kinachozidi kile cha Koh-i-Noor, na hakuna la kulalamikia, maana mkata alianza na fuwele isiyo na sura iliyokamilika, akaishia na brilianti ya duara yenye kina chake.

Kazi sahihi ya 1852 ilikuwa ndogo. Uso wa chini, kwa kuwa ulikuwa wa mpasuko, ungeachwa au kung'arishwa kwa mwinamo mdogo nje ya mpangilio, pale ambapo gurudumu hung'ata. Kasoro zake zingeondolewa kila moja peke yake, kwa mpasuko panapowezekana, na nyuso za kuba zingesuguliwa upya zilipo. Nyuma ya jiwe ingewekwa karatasi yenye mng'aro. Nakala ya plasta ya umbo la zamani ipo Makumbusho ya Historia ya Asili, London, na imekwisha kupimwa kwa leza, hivyo kila uso wa jiwe lililosagwa unajulikana ulikaa wapi na kwa pembe gani.