Malkia Eugénie Katika Picha na Katuni: Nani Aliachwa Nje?

Siku moja tulisimama mbele ya gazeti la ukutani la wanachuo wetu. Mada ilikuwa wizi wa fedha za wakulima katika chama kimoja cha ushirika. Mchoraji alikuwa na kipaji, na watu walicheka mpaka machozi. Lakini alichokichora ni mke wa karani: mwanamke mnene, vidole vimejaa pete, amekalia gunia la pamba. Karani mwenyewe hakuwamo. Mizani iliyopunja haikuwamo. Wakubwa walioidhinisha hesabu za uongo hawakuwamo. Tulijiuliza: je, kicheko hiki kimemfundisha mkulima nani aliyemwibia?

Swali hilo si geni. Tunapenda kulichunguza kwa mfano wa mbali uliokamilika, ambao tunaweza kuutazama tangu mwanzo hadi mwisho bila hasira ya leo kutupofusha: picha na katuni za Eugénie de Montijo, mke wa Napoleon III, Kaisari wa Ufaransa.

Eugénie alizaliwa Granada, Hispania, mwaka 1826, katika ukoo wa makabaila. Aliolewa Januari 1853, miezi michache tu baada ya mumewe kujitangaza Kaisari. Tukumbuke kwamba utawala huo ulizaliwa kwa mapinduzi ya Desemba 1851 dhidi ya Jamhuri. Utawala wa namna hiyo hauna uhalali wa ukoo wala wa umma, kwa hiyo huhitaji picha nyingi.

Kazi hiyo ilifanywa hasa na Franz Xaver Winterhalter, mchoraji kutoka Ujerumani aliyezunguka majumba ya wafalme wa Ulaya. Picha yake moja kubwa, yenye upana wa mita nne na zaidi, ilionyeshwa katika Maonyesho ya Dunia ya Paris mwaka 1855. Inamwonyesha Malkia amekaa msituni na mabibi wanane wa ikulu. Ni mawimbi ya hariri na utepe, na maua kila mahali. Hatukatai ufundi wake. Mtu akiitazama huweza karibu kusikia kitambaa kikisugua majani. Lakini tazama mikono. Mikono kumi na minane, na hakuna hata mmoja ulioshika kazi. Hariri ile ilifumwa na nani? Hariri ya Ufaransa ilitoka Lyon, kwa wafumaji walioasi mwaka 1831 na tena mwaka 1834, wakapigwa risasi na askari. Malkia alijua thamani ya kitambaa hicho. Magauni ya hariri ya Lyon aliyovaa ili kuwaridhisha wenye viwanda aliyaita mwenyewe mavazi ya kisiasa. Msitu wa Winterhalter umemeza siasa yote hiyo, ukaacha harufu ya maua.

Upande wa pili wa picha za sifa ni huruma. Baraza la mji wa Paris lilipopitisha faranga 600,000 kumnunulia mkufu wa almasi kwa ajili ya harusi, Eugénie aliukataa, akaomba fedha hizo zijenge shule ya wasichana maskini. Shule ilijengwa, na ramani yake ikapewa umbo la mkufu. Tunakiri kwamba wasichana wale walipata chakula na ufundi, na hilo si jambo dogo. Hata hivyo mkufu haukuondoka. Ulihamishwa kutoka shingoni ukawekwa ardhini, mahali ambapo kila maskini angeusoma kama shukrani anayodaiwa.

Picha inayotugusa zaidi sisi watu wa nchi zilizotawaliwa ni ya Jean-Léon Gérôme, aliyoimaliza mwaka 1864. Mada yake ni mabalozi wa Siam walivyopokewa katika jumba la Fontainebleau tarehe 27 Juni 1861. Kaisari na Malkia wameketi juu. Mabalozi wanatambaa kwa magoti na viwiko, mmoja nyuma ya mwingine, wakileta zawadi. Mtetezi wa Gérôme atasema kwamba hiyo ndiyo ilikuwa heshima ya ikulu ya Siam kwa mfalme wake. Sawa. Lakini ni nani aliyeagiza tukio lile ligeuzwe picha ya kudumu? Mwaka 1863 Eugénie alifungua katika jumba hilohilo vyumba vya kuonyesha vitu vya Asia. Humo kulikuwa na zawadi za Siam, na pia nyara ambazo majeshi ya Uingereza na Ufaransa yalipora mwaka 1860 katika Jumba la Kiangazi la Beijing kabla ya jumba hilo kuteketezwa. Zawadi na nyara zilipangwa kabatini pamoja, na mgeni hakuona tofauti.

Sasa tugeukie kejeli. Chini ya amri ya Februari 1852 hakuna mchoro ulioweza kuchapwa bila kibali cha serikali. Wachoraji wa magazeti, Honoré Daumier akiwa mmoja wao, hawakuweza kumgusa Malkia. Wakaligusa gauni. Sketi pana zenye pete za chuma ndani zikawa mzaha wa kila wiki: mwanamke hapiti mlangoni, mwanamke anapeperushwa na upepo. Serikali iliruhusu. Lakini mwaka 1869, Édouard Manet alipotaka kuchapa mchoro wa kuuawa kwa Maximilian, kibaraka ambaye Ufaransa ilimketisha kwa bunduki juu ya kiti cha enzi cha Mexico na Wamexico wakampiga risasi mwaka 1867, mchoro ule ulikatazwa. Vita ya Mexico ilikuwa na Eugénie miongoni mwa watetezi wake wakubwa. Kucheka sketi yake kuliruhusiwa. Kuonyesha matunda ya siasa yake kulikatazwa. Mkaguzi wa serikali alielewa sanaa kuliko wachekaji wengi.

Kisha tarehe 2 Septemba 1870 Napoleon III alijisalimisha kwa Waprusi kule Sedan. Siku mbili baadaye Jamhuri ilitangazwa, na Malkia akakimbilia Uingereza akisaidiwa na daktari wa meno Mmarekani. Hapo bomba likapasuka. Katuni zilimwagika barabarani Paris. Paul Hadol alichapa mfululizo alioufanya bustani ya wanyama ya Kaisari: Napoleon ni tumbusi, na Eugénie ni korongo. Kwa Kifaransa jina la ndege huyo ni tusi pia kwa mwanamke mwenye tabia mbovu, na kila mnunuzi alilielewa. Wengine walikwenda mbali zaidi, wakamchora kitandani na uchi. Wengine walimtukana kwa uzawa wake wa Kihispania, kama vile babu zao walivyomtukana Marie Antoinette kwa uzawa wake wa Austria.

Ndugu zetu wengine huziita katuni hizi sauti ya umma. Hasira ya umma ilikuwa ya haki, hilo hatulibishi. Na hatumtetei Eugénie: alishika madaraka ya nchi mara tatu mumewe akiwa hayupo, mwaka 1859, 1865 na 1870, na uzito wake ulikuwa upande wa wahafidhina. Alistahili kuchorwa kwa hayo. Lakini korongo wa Hadol hasemi lolote juu ya Mexico, wala juu ya benki zilizonenepa, wala juu ya majenerali. Anasema kwamba nchi iliharibiwa na mwanamke mgeni asiye na adabu. Mwondoe, nchi imepona. Matajiri wa Paris waliweza kununua katuni hiyo na kuicheka bila kujikuna. Mei 1871 majenerali walewale waliolitumikia dola la Kaisari, sasa chini ya Thiers, waliingia Paris na kuwaua maelfu ya wafanyakazi wa Komuni.

Kwamba njia nyingine ilikuwepo, ushahidi ni Daumier. Tarehe 19 Oktoba 1870, katika gazeti la Charivari, alichora nyumba zilizoungua na maiti wamelala mbele yake. Chini aliweka maneno ambayo Napoleon alikuwa ameahidi mwaka 1852: dola ni amani. Basi. Hakuna Kaisari, hakuna Malkia, hakuna ndege. Ahadi ya mtawala na matokeo yake vimewekwa pamoja kwenye karatasi moja. Hatuijui katuni kali kuliko hiyo katika kipindi chote kile, na hakuna anayeicheka.

Upo mwisho unaoihusu Afrika. Mwana pekee wa Eugénie aliuawa na Wazulu tarehe 1 Juni 1879, akiwa amevaa sare ya jeshi la Waingereza lililoivamia nchi yao Januari mwaka huo. Mwaka uliofuata mama alisafiri hadi mahali pale. Kejeli zikapoa, na sura yake mpya ikawa ya mama mwenye nguo nyeusi. Mwaka 1882 Paul Jamin alichora kifo hicho: shujaa ni kijana wa Kifaransa, na Wazulu ni hatari inayomzunguka. Hivyo aliyekuwa akilinda shamba lake amechorwa kama mshambuliaji. Huzuni ya mama tunaiheshimu, na Eugénie aliibeba mpaka alipofariki mwaka 1920. Lakini mama wa Kizulu nao walizika watoto mwaka uleule, wala hakuna Winterhalter aliyetumwa kwao.

Tuliporudi kwa wachoraji wa gazeti letu la ukutani tuliwapa mchoro wa Daumier, tukawaacha nao jioni nzima. Waliuliza: je, tumwondoe mke wa karani kabisa? Tukajibu hapana, pete zile zilinunuliwa kwa fedha ile, naye alijua. Abaki. Ila ichorwe mizani, achorwe anayeisoma, ichorwe sahihi iliyo chini ya hesabu, na mkulima aliyesimama dirishani na stakabadhi mkononi.