Kamati Ilinunua Shokapu, Ikasahau Baiskeli

Kamati ya kikoba iliyotumwa kununua baiskeli za kwendea kazini ilikosea. Nalisema mapema ili anayetaka kubisha aanze kujipanga. Ile haibridi nyekundu yenye shokapu mbele, breki za diski na gia 21 haikustahili kuchaguliwa, na ilichaguliwa kwa sababu moja tu: ilibonyea.

Mpaka dakika hiyo kazi ilikuwa safi: bajeti ya kikoba iliheshimiwa, fremu zililinganishwa na urefu wa watu, magurudumu yalizungushwa kuona kama yamepinda, na Phoenix mpya isiyo na gia iliondolewa kihalali kwa sababu ya mlima wa Kimara. Zikabaki mbili, bei zikikaribiana: hiyo nyekundu mpya, na ya kijivu ya mtumba kutoka Ulaya, yenye foku ngumu ya chuma, tairi za 700×38, breki za V, madigadi na keria yake. Hapo mchezo ulikuwa umekwisha. Alihitajika mtu wa kulipa tu.

Mlioangalia video iliyopigwa siku hiyo dukani mnakumbuka kilichofuata. Mjumbe mmoja alibana breki ya mbele ya ile nyekundu, akaweka kifua juu ya usukani na kukandamiza kwa uzito wake wote. Shokapu ikazama, ikalia kidogo mlio wa springi kavu, ikapanda tena. Watu wakaitikia "ahaa!" Akakandamiza mara ya pili, safari hii macho kwenye kamera. Akahamia kwenye ya kijivu, akakandamiza vilevile, foku haikwenda popote, naye akatikisa kichwa. Hakuna aliyebonyeza tairi hata kwa kidole gumba. Hakuna aliyeinua baiskeli zote mbili kwa mbele kulinganisha uzito. Mwenye duka alikaa kimya muda wote, na muuzaji akinyamaza ujue mteja anajiuzia mwenyewe.

Jaribio lile halipimi chochote kinachotokea barabarani. Mtu mzima akiegemea polepole atazamisha springi yoyote. Ukiwa njiani, pigo huwa dogo na la ghafla: ukingo wa kiraka cha lami, jiwe, kiungo cha zege. Shokapu ya bei ile ni springi ndani ya mabomba ya chuma yanayoteleza kwenye bushi za plastiki, na msuguano wake wa kuanzia ni mkubwa kiasi kwamba pigo dogo linafika viganjani kabla springi haijaanza kusogea. Pigo likiwa kubwa springi inasogea kweli, lakini ndani hamna mafuta wala vali ya kuituliza inaporudi, kwa hiyo inaurusha usukani juu. Pale dukani palihitajika mtu apande, ashuke kwenye ukingo wa barabara mara moja, kisha asimame juu ya pedeli na kukanyaga kwa nguvu. Hicho cha mwisho kingetosha. Ukikanyaga umesimama, shokapu inazama kila mguu unaposhuka, na nguvu uliyotaka iende kwenye cheni inaishia kwenye springi.

Sasa ichukueni baiskeli hiyo kwenye njia ambayo wanakikundi wataipita. Kutoka Kimara hadi Kivukoni ni kilomita 16 hivi. Asubuhi ni mteremko na kila baiskeli inaonekana nzuri. Jioni ni kurudi: Jangwani, Magomeni, Manzese, Ubungo, kisha kupanda Kimara umechoka, shati limeganda mgongoni. Shokapu ya namna ile ina uzito wa kilo mbili na zaidi, wakati foku ngumu ya chuma ni kilo moja na kitu. Mmewalipisha watu ili wabebe kilo ya ziada mlimani, halafu mzigo wenyewe uwe unabonyea.

Halafu kuna mchanga. Mvua za masika zikishaleta maji Jangwani, yakikauka yanaacha vumbi laini linaloingia kila mahali. Raba za kuzuia uchafu kwenye shokapu za bei nafuu hazibani vizuri. Mchanga unaingia, bushi zinalika, mabomba yanashika kutu, na kinachobaki ni foku ngumu nzito inayocheza kushoto na kulia. Fundi wa chini ya mwembe, ambaye kwa spana mbili na nyundo anafufua karibu kila kitu, hapa hana la kufanya, kwa sababu shokapu nyingi za daraja hilo hazikutengenezwa ili zifunguliwe. Zinatupwa. Foku ngumu ikipinda ananyoosha.

Najua kuna watakaoniambia shokapu ni maendeleo. Maendeleo ya nani? Shokapu za RockShox zilipoanza kutamba, Greg Herbold alishinda nazo taji la kwanza la dunia la kuteremka milima, Durango, Colorado, mwaka 1990. Alikuwa anashuka mlima wenye mawe kwa kasi ya kutisha, si kuwahi kusaini daftari la mahudhurio Posta. Baadaye kidogo zikaingia hata kwenye mbio za Paris–Roubaix, zile za mawe ya kaskazini mwa Ufaransa. Gilbert Duclos-Lassalle, mkongwe hasa, alishinda nazo mwaka 1992 na 1993. Hizo zilikuwa shokapu halisi, zikihudumiwa na mafundi wa timu, chini ya mwanamume aliyejua kila jiwe la njia ile. Pamoja na yote hayo, miaka michache baadaye waendeshaji waliziacha. Leo kwenye mawe yaleyale wanapita na foku ngumu, na walichoongeza ni upana wa tairi na kupunguza upepo ndani yake. Kama waliokuwa na fedha za kununua chochote walichagua tairi, sisi wa kikoba tunatafuta nini kwenye springi?

Na tairi ndiyo hesabu ambayo kamati haikuifanya. Ile nyekundu ina tairi za milimita 32, ya kijivu ina za 38. Tofauti inaonekana ndogo mpaka ukumbuke kwamba kinachobeba mtu ni hewa: tairi la 38 lina nafasi ya hewa kubwa kwa takriban asilimia 40, na foku ya ile ya kijivu ilikuwa na nafasi ya kupokea hata la 42. Mtu wa kilo 75 akilijaza kati ya psi 45 na 60 anapata ulaini ambao springi kavu haitaufikia, bila bushi, bila kutu, bila uzito wa maana. Mradi tu asikubali wale wenye kompresa wa mtaani wanaojaza kila tairi mpaka ligeuke jiwe. Hilo nimeliandika mpaka nimechoka.

Nyongeza zangu za siku zote, kwa ufupi. Gia 21 si safari 21. Ni 3 mbele kwa 7 nyuma, na nyingi zinarudiana. Kwa Kimara unahitaji moja nyepesi ya kweli na chache za tambarare. Gia za nyuma za ile nyekundu ni za kufungwa kwa nyuzi kwenye habu, muundo unaoacha kipande kirefu cha eksili upande wa cheni bila beringi ya kukishikilia, ndiyo maana eksili za namna hiyo hupinda na kukatika zikibeba mtu mzito na mzigo. Shimano walitoa dawa ya tatizo hilo mwaka 1978 kwa habu inayosogeza beringi pembeni, na ya kijivu inayo. Breki za diski za bei ile zinahitaji kurekebishwa kila mara, na diski ikigongwa kidogo kwenye maegesho inaanza kusugua. Breki za V zikishika rimu ya alumini zinasimamisha mtu vizuri hata mvua ikinyesha, na pedi zake zinapatikana.

Bado sijamaliza. Ukienda kuomba tairi la "28" utaletewa la Phoenix, ambalo rimu yake ni milimita 635. Rimu ya haibridi ni 622. Haviingiliani hata ukivuta kwa meno. Soma ubavuni mwa tairi, tafuta namba 622, ndipo ulipe. Hili linazihusu baiskeli zote mbili, na kamati haikulitaja kabisa.

Wazee wetu waliokwenda kazini kwa Raleigh, kwa Phoenix na kwa Swala hawakuwa na shokapu, na barabara zao hazikuwa bora kuliko zetu. Tazama baiskeli zile: fremu zimelala, foku ndefu iliyopinda kwenda mbele, tairi nene, siti ya ngozi yenye springi chini ya makalio, mahali ambapo springi ina kazi. Breki zake za fimbo kwenye rimu za chuma wakati wa mvua zilikuwa sala zaidi kuliko breki, sikatai. Lakini waliozichora walijua kwamba mtu anabeba gunia, anapita kwenye makorongo, na hana fedha za kununua kipuri kila mwezi. Hata haibridi za mwanzo, zilizotoka karibu na mwaka 1990, zilikuwa fremu ya kawaida, foku ngumu na tairi la wastani. Shokapu ilibandikwa baadaye kwa sababu inaonekana dukani. Kuchagua baiskeli ya kazini kwa shokapu ni sawa na kupanda daladala kwa sababu ya muziki.

Utetezi wa kamati naujua: njia yenyewe ni mbovu, na vijana hawataki baiskeli ya kizee. Njia ni mbovu kweli. Njia ya baiskeli kando ya mabasi ya mwendokasi imegeuka ya bodaboda na meza za nguo, na mpanda baiskeli anasukumwa kwenye mashimo. Lakini shimo linalomwangusha mtu halizuiwi na sentimita sita za springi. Linazuiwa na breki nzuri, tairi pana na macho. Na kama tatizo ni rangi, rangi inauzwa kwenye kopo.

Kikoba kinanunua awamu ya pili karibuni. Mapendekezo yangu ni matano: foku ngumu, nafasi ya tairi la 38 au zaidi, rimu za alumini, habu isiyokata eksili, na matundu ya kufungia keria na madigadi. Kinachobaki kwenye bajeti kinunue kufuli nene na taa mbili. Na yule mjumbe wa kukandamiza usukani apewe kazi ya kushika kamera.