Msanifu wa Gando na Joto la Darasani

Mwaka 2022 Diébédo Francis Kéré alipewa tuzo ya Pritzker, ambayo kwa wasanifu majengo ndiyo ya juu kabisa, naye akawa Mwafrika wa kwanza kuipata. Magazeti yalimsifu kwa uzuri wa majengo yake. Mimi si msanifu, wala Gando kwenyewe sijafika. Nimeyajua majengo hayo kwa michoro na picha tu. Lakini nimekaa madarasani zaidi ya miaka thelathini, kwanza nikiwa mwalimu, kisha mkuu wa shule, na jengo lililomtambulisha Kéré kwa ulimwengu ni shule ya msingi. Nadhani basi ninayo haki ya kulisemea kwa upande wa yule anayekaa ndani yake saa nane mchana.

Kéré alizaliwa mwaka 1965 katika kijiji cha Gando, nchini Burkina Faso, mtoto wa kwanza wa mkuu wa kijiji. Gando haikuwa na shule, kwa hiyo alipofika umri wa miaka saba alipelekwa kwa jamaa mjini Tenkodogo ili asome. Huko alibanwa na wenzake zaidi ya mia moja ndani ya darasa la matofali ya saruji lisilo na hewa wala mwanga wa kutosha. Mwaka 1985 alikwenda Ujerumani kwa ufadhili wa kujifunza useremala. Mchana alijifunza kutengeneza mapaa na samani, usiku akasoma sekondari. Baadaye aliingia chuo kikuu cha ufundi cha Berlin kusomea usanifu. Hapo ndipo penye jambo la kutazamwa: shule ya Gando ilikamilika mwaka 2001, naye shahada yake aliipata mwaka 2004. Hakungoja cheti. Alianzisha chama cha kuchangisha fedha mwaka 1998, akiwaomba wanafunzi wenzake wampe zile senti ambazo wangenunulia kahawa na sigara.

Sasa tulitazame jengo lenyewe. Ni madarasa matatu yaliyopangwa mstari mmoja, na kati ya darasa na darasa pameachwa uwazi wenye paa, ambapo watoto hucheza au hufundishwa nje. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine. Dari nalo ni la udongo huohuo, likiwa limebebwa na nondo zilizolala juu ya mihimili ya zege. Juu ya dari, mbali nalo kabisa, ndipo linapokaa bati, likiwa limeinuliwa na kenchi za nondo za kawaida. Jua linapolichoma bati, joto lake halimshukii mtoto kichwani. Upepo hupita kati ya bati na dari na kulichukua. Hewa ya moto iliyomo darasani nayo hupanda na kutokea kwenye matundu ya dari. Bati hilo limejitokeza nje sana kupita kuta, ili mvua isiule udongo.

Aliyepata kufundisha chini ya bati lililopigiliwa moja kwa moja juu ya kuta atafahamu kwa nini nimelieleza paa hili kirefu. Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kuandaa somo, kutengeneza zana na kupanga madawati. Sikumbuki kama tuliwahi kuambiwa tutazame juu. Nimeona vipindi vya mchana ambavyo darasa zima lilikuwa macho lakini halipo. Tulikuwa tukiandika katika taarifa kwamba watoto ni wavivu baada ya chakula. Na mvua ikianza, mwalimu huweka chaki chini, maana bati linasema kwa sauti kuliko yeye. Dari la udongo, nadhani, hupunguza na kelele hizo, ingawa wanaoandika juu ya Kéré hupenda zaidi kutaja rangi ya kuta.

Wanakijiji hawakuupokea udongo kwa furaha. Walijua nyumba ya udongo huporomoka masika, na mtu aliyetoka Ulaya walimtegemea alete saruji na vioo. Siwalaumu. Hata kwetu kuna msomi anayesifu nyumba ya udongo akiwa amekaa katika nyumba ya matofali ya saruji. Kéré hakuwajibu kwa hotuba. Alipotaka kujenga kwa mapaa ya upinde alijenga kwanza upinde wa majaribio, na watu wakapanda juu yake wakarukaruka. Wanawake walizishindilia sakafu kwa zana zao kama walivyozoea majumbani, vijana wakafundishwa kukata nondo kwa msumeno wa mkono na kuzichomelea kwa mashine ndogo. Jengo lenyewe likawa chuo cha ufundi kabla halijawa shule. Kwa maoni yangu hilo ni bora kuliko sura yake, na ndilo nililotarajia Tuzo ya Aga Khan ilione. Iliipa shule hiyo heshima mwaka 2004.

Baada ya shule zikafuata nyumba za walimu. Mkuu wa shule yeyote wa kijijini angezitaka hizo kwanza, kwani mwalimu mzuri asiye na pa kulala huomba uhamisho kabla muhula haujaisha. Idadi ya wanafunzi imetoka 120 hadi 700, na shule ikaongezewa madarasa mwaka 2008.

Hata hivyo sikubaliani na wale wanaomfanya Kéré kuwa mtume wa udongo. Gando ina nondo, ina bati, ina saruji, na fedha zake nyingi zilitoka nje. Kijiji kisicho na mtoto wake Berlin kitazipata wapi? Hilo ni swali la haki, na picha nzuri hazilijibu. Tena udongo wa Gando hauwezi kubebwa ukapelekwa kila mahali. Mwenyewe analijua hilo. Kando ya Ziwa Turkana, nchini Kenya, chuo chake cha mafunzo ya kompyuta kilichokamilika mwaka 2021 kimejengwa kwa mawe ya hapohapo, na minara yake imeiga kichuguu ili hewa ya moto ipande na kutoka. Kilichohama ni swali la joto, si tofali. Kwa sababu hiyo mabanda yake ya maonyesho, kama lile la London la mwaka 2017, yananivutia kidogo tu. Ni mazuri, lakini hakuna anayefanyiwa mtihani ndani yake.

Hapa Tanzania, mwaka 2021, ulitangazwa ujenzi wa madarasa 15,000 kwa fedha za mkopo, na yakajengwa kwa haraka ya kusifika. Watoto waliokuwa wakikaa sakafuni walipata pa kukaa. Mtu asinielewe kwamba nayabeza. Ninachouliza ni hiki: katika taarifa za ufunguzi tulisomewa idadi ya vyumba, idadi ya madawati na shilingi zilizotumika. Umbali kati ya bati na dari haukutajwa, wala dirisha limeelekea upepo gani. Kuliinua bati kunadai nondo chache zaidi, na fundi aliyeonyeshwa mara moja. Kamati ya shule inaweza kulidai hilo kabla msingi haujachimbwa, na mwalimu mkuu anaweza kuingia katika darasa jipya saa nane mchana, mwezi wa Februari, akakaa kwenye dawati la nyuma kwa kipindi kizima kabla hajatia sahihi ya kulipokea.