Mwenyeji Ndiye Anayepiga Hodi

Kuna sauti moja ndani ya Nomadland ambayo imenikaa kichwani kuliko muziki wake wote: mkono unaogonga gari usiku. Fern, mjane wa miaka sitini na kitu anayeishi ndani ya gari lake, anaruka kwa hofu. Sauti ya nje inamwambia hapa hairuhusiwi kulala. Anajibu haraka haraka kwamba anaondoka, na tukio limekwisha. Hata dakika halifiki. Lakini mtu aliyelelewa ndani ya Kiswahili hawezi kulitazama bila kuona kitu kimepinduliwa. Kwetu mgeni ndiye anayepiga hodi. Anasimama nje, anaita mara tatu, asipojibiwa anarudi zake. Hapa mgeni yuko ndani, amejifungia, na mwenyeji ndiye anayegonga.

Tangu nilipolitambua hilo, nalitumia kama kipimo. Kila hadithi ya gari-nyumba, iwe filamu, kitabu au video ya dakika ishirini, ina wakati wake wa kweli, nao ni jioni, pale msafiri anapozima injini. Mchana yeye ni mpita njia tu. Akishazima injini amekuwa mgeni wa mtu. Hadithi inayojua ni mgeni wa nani, naiamini. Isiyojua, naitazama kama ninavyotazama tangazo la sabuni.

Kwa ambao hamjaiona: filamu ya Chloé Zhao ilitoka 2020, na Aprili 2021 ikabeba Oscar tatu, ya filamu bora, ya mwongozaji bora, na ya mwigizaji bora wa kike kwa Frances McDormand. Imetokana na kitabu cha mwandishi wa habari Jessica Bruder cha 2017. Inaanzia Empire, Nevada, kamji ka kampuni katikati ya jangwa. Kiwanda cha jasi kilipofungwa Januari 2011, baada ya miaka 88, wakazi walihama na hata namba ya posta ya mji ikafutwa. Fern anaingiza maisha yake garini. Anapakia mizigo kwenye ghala la Amazon msimu wa sikukuu, kisha anateremka Quartzsite, Arizona, ambako kila msimu wa baridi watu kwa maelfu huegesha nyumba zao za magurudumu jangwani.

Jangwa lile, sehemu kubwa, ni ardhi ya serikali. Kwa kawaida unaruhusiwa kulala bure siku 14, kisha usogee mbele. Ukitaka msimu mzima kuna maeneo maalumu ya kulipia. (Sisi tunampa mgeni siku mbili, ya tatu jembe. Wamarekani ni wakarimu kuliko tunavyowadhania.)

Nikiitazama kwa kipimo changu, Nomadland inafaulu nusu. Inaujua ule mkono dirishani. Inajua pia kwamba mwenyeji si lazima awe adui: kuna mwanamke wa kituo cha mafuta anayemwambia Fern usiku utakuwa wa baridi kali, kanisa fulani limefungua milango. Fern anasema yuko sawa. Kote anakokaribishwa anasema yuko sawa. Usiku mmoja anaacha kitanda alichotandikiwa na familia ya rafiki yake na kurudi kulala garini, na alfajiri anaondoka. Wahakiki wengi waliuita uhuru. Mama yangu, niliyemwonyesha kipande hicho hapa Msambweni, aliuita utovu wa adabu, na sidhani kama alikosea. Zhao anataka tuone heshima ya mtu asiyetaka kuhurumiwa. Mimi naona mtu ambaye nchi yake imemfunza kwamba ukila cha mwenzio unadaiwa.

Mahali pengine Fern anamweleza binti aliyewahi kumfundisha kwamba yeye hana nyumba tu, lakini si mtu asiye na kwao. Kiingereza kinalazimika kuchezea maneno ili kufika hapo. Kiswahili kimelala hapo tangu zamani. Kukosa nyumba ni shida, kukosa kwenu ni aibu, na mtu anaweza kuwa na jumba la ghorofa tatu tukamwambia hana kwao.

Sasa twende kwa watoto wa filamu hii, maana ndiko hasa ugomvi wangu uliko. Tangu 2020 nimetazama video za magari ya kulala ndani kuliko afya ya macho inavyoruhusu. Niliacha chuo mwaka wa pili, muda ninao. Nyingi za video zilizopigwa Kenya zinafika Chalbi, lile jangwa la Marsabit lililo kati ya mlima na Ziwa Turkana, na karibu zote zina picha moja: droni inapanda, gari linabaki doa jeusi juu ya chumvi nyeupe, msimulizi anasema hakuna kitu hapa, hakuna mtu, ni sisi tu na nyota. Kisha asubuhi, kahawa. Aliyegonga dirisha, kama aligonga, amekatwa kwenye uhariri.

Hakuna mtu? Kalacha kuna chemchemi na mikoma, na watu wamekaa kando yake. Kuna Maikona, kuna North Horr. Wagabra wanakatisha chumvi ile na ngamia kwa mahesabu ya malisho na maji ambayo ramani za simu hazina. Visima vya kaskazini si vya yeyote anayepita na mtungi. Vina wenyewe, vina zamu, na miongoni mwa Waborana kuna anayepanga nani anaynywesha leo na nani kesho. Wanamwita abba herega. Msafiri anayejaza tangi lake la lita mia bila kumtafuta mtu wa namna hiyo ameingia chumbani kwa watu na kufungua friji.

Na kama tunazungumzia nyumba za kuhama, hebu tuwe na adabu ya historia. Nyumba ya Mgabra au Mrendille ni mikeka na miti iliyopindwa. Wanawake wanaijenga, wanaibomoa, na wanaipandisha juu ya ngamia. Mwanamke na nyumba yake safarini jangwani. Hilo ndilo umbo zima la Nomadland, bila Oscar. Lakini angalia maneno: mzungu akiuza nyumba akahamia garini, ni nomadi, na neno linang'aa. Mrendille tunamwambia aache kuhamahama ili serikali imhudumie.

Neno "tupu" nalo lina bei yake. Karibu na Loiyangalani kumesimikwa mitambo 365 ya umeme wa upepo, mradi mkubwa, megawati 310, na wengi tunauonea fahari. Oktoba 2021 mahakama ya mazingira na ardhi huko Meru iliamua kwamba hati za ardhi ya mradi huo, kama ekari 150,000, zilipatikana kinyume cha sheria. Wenyeji ndio walioshtaki. Kwa hiyo ninapomsikia msimulizi akisema hapa hakuna mtu, sisikii ushairi. Nasikia lugha ileile ya wenye hati.

Cha kuchekesha ni kwamba Quartzsite yenyewe ina mgeni wake wa ngamia. Mwaka 1856 jeshi la Marekani lilileta ngamia kujaribu kubebea mizigo jangwani, na pamoja nao wachungaji kutoka dola ya Ottoman. Mmoja wao aliitwa Haji Ali. Ulimi wa Kiamerika ukamfanya Hi Jolly. Alikufa 1902, akazikwa hapo Quartzsite, na kaburi lake leo ni piramidi ndogo ya mawe yenye sanamu ya ngamia juu. Filamu inapita mji huo bila kumtaja. Angekuwa filamu nzuri peke yake, yakhe.

Kitabu cha Bruder ni kigumu kuliko filamu, na nakipenda zaidi. Bruder anakuonyesha ghala lenye vibweta ukutani vya kutoa dawa za maumivu bure, kwa wafanyakazi wa umri wa bibi zetu. Zhao aliruhusiwa kupiga picha ndani ya ghala la kweli la Amazon, na pale filamu inakuwa na sauti ya chini kama mtu aliyealikwa chakula. Bruder pia anauliza kwa nini karibu wote aliokutana nao ni weupe, na jibu lake ni lile dirisha: mtu mweusi akigongewa gari usiku, anayegonga anaweza kuwa polisi mwenye bunduki, na maelezo yatafuata risasi. Filamu haikuibeba sura hiyo.

Nilipokuwa nasoma kuhusu Empire, nilikuwa nawaza Ramisi, hapa chini ya Msambweni. Kiwanda cha sukari kilikufa mwishoni mwa miaka ya 1980. Hakuna aliyefuta posta wala aliyenunua gari akaenda kutazama machweo. Watu walibaki, wakalima, wakazika wazee wao pale, na miaka baadaye wawekezaji wapya walipokuja na karatasi, waliobaki wakaitwa maskwota. Hii ndiyo hadithi yetu ya kiwanda kilichofungwa, na haina barabara ndani yake. Kitu ambacho filamu ya Marekani haiwezi kukiwazia ni mtu anayepoteza kazi halafu akakataa kuondoka.

Wasafiri wenyewe tunawajua. Kwenye kambi za Tiwi, kaskazini kidogo ya Diani, magari yenye namba za Ujerumani na Afrika Kusini yamekuwa yakiegeshwa miongo mingi. Ndipo watu wanapokuja kuoga vumbi la kaskazini. Wengi ni watu wa heshima, wanalipa, wanajifunza kusalimia. Sina neno nao. Lakini kijana wa Ukunda akitandika leso mchangani Diani saa tano usiku atazame nyota hizohizo, atagongwa pia, na si kwa kidole. Nimewahi kuamshwa kwa tochi na rungu na askari wa hoteli moja, kwenye mchanga ambao maji hujaa, yaani mchanga wa umma. Video yangu ingekuwa fupi.

Na wapo wanaolala garini Kenya hii kila usiku bila kuitwa wasanii. Kabla ya lami ya Isiolo hadi Moyale kukamilika katikati ya miaka ya 2010, kilomita zile kama 500 zilikuwa zikila siku mbili au zaidi, ng'ombe ndani ya lori, abiria juu wakiwa wameshika vyuma. Leo ukipita Mariakani usiku, kwenye foleni ya mizani, utaona utingo amejilaza chini ya trela. Hakufuata nyota. Analinda dizeli na gurudumu la akiba. Anajua kila kituo ni cha nani: mama gani anauza chai saa tisa usiku, kijiji gani usizime injini, mlinzi gani anataka sigara na yupi anataka salamu tu. Msafara wake wote ni elimu ya hodi. Sijaona filamu yake. Nitalipa kiingilio.

Jambo moja kuhusu Zhao linanisumbua zaidi kwa sababu najua anajua. Filamu zake mbili za kwanza, za 2015 na 2017, alizipigia Pine Ridge, South Dakota, kwa Walakota, nao ndio waliokuwa waigizaji. Nomadland inampeleka Fern Badlands, palepale jirani, na hakuna Mlakota mwenye sehemu katika hadithi. Mwongozaji aliyekwisha kuketi nyumbani kwa wenye nchi amerudi na mgeni mwingine na kumpitisha nyuma ya nyumba.

Mwishoni Fern anarudi Empire. Anatembea ndani ya nyumba yake iliyoachwa, anafungua mlango wa nyuma, na mbele yake hakuna ua, ni jangwa mpaka milimani. Ni picha nzuri sana, siwezi kudanganya. Nchi ile ni ya Wapaiute, na akiba yao iko kusini tu ya hapo, kwenye ziwa la Pyramid. Nilikuwa nangoja mtu atokee upande ule. Fern akazunguka nyumba, akawasha gari.