Mkono Unaojua Kikomo

Ufundi wa kuzibua mlango wa moyo kwa puto huanzia mbali na moyo, kwenye kinena. Daktari anachoma ganzi, anatoboa mshipa mkubwa, anapitisha waya laini, kisha mrija mwembamba. Mgonjwa yu macho. Niliyemwona mimi alikuwa dada wa miaka ishirini na ushee, katika hospitali moja ya Dar es Salaam. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nasubiri chuo cha udaktari, nikaruhusiwa kusimama pembeni na aproni nzito ya risasi mabegani.

Ugonjwa wa namna hii huanza utotoni, kwa kitu ambacho nyumba nyingi hukipuuza: maumivu ya koo. Koo lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto kinga ya mwili huugeukia moyo wenyewe. Miaka inapita, kingo za mlango wa kushoto zinagandana, na uwazi uliopaswa kuwa sentimita za mraba 4 hadi 6 unashuka chini ya 1.5. Damu inarundikana mapafuni. Ngazi hazipandiki, na usiku mtu halali ila ameegemea mito. Linaniuma hili, maana penisilini ni dawa ya zamani na si ya gharama kubwa.

Puto lenyewe lilibuniwa na Kanji Inoue, daktari mpasuaji wa Japani, aliyelitumia kwa mgonjwa mara ya kwanza mwaka 1982. Akili yote imo katika umbo lake. Sehemu ya mbele hutuna kwanza, ikavutwa nyuma hadi iegemee mlango. Ya nyuma ikifuata, puto huwa kama kibuyu kilichobanwa katikati, na mlango umenaswa kiunoni. Ndipo kiuno nacho kinapotanuka na kuzibandua kingo. Ni suala la sekunde chache tu, kwani puto likijaa, damu haina pa kupita.

Ila kabla ya hapo kuna ukuta. Mshipa wa kinena humfikisha daktari upande wa kulia wa moyo, na mlango mbovu uko kushoto. Hana budi kutoboa ukuta wa kati kwa sindano ndefu, akiongozwa na vivuli vya eksirei na ncha za vidole vyake. Jirani kabisa na hapo upo mshipa mkuu wa aota. Siku ile daktari aliizungusha sindano kidogo mno, akasimama, akaizungusha tena.

“Dada, usijitikise,” muuguzi akasema.

“Sawa, sista.”

Sindano ikapita.

Puto likatuna, likanywea. Kwenye skrini, mistari miwili ya presha, ya chumba cha juu na ya chumba cha chini, iliyokuwa imeachana sana, ikasogeleana. Haikukutana. Nilitegemea atalijaza puto zaidi na kurudia. Yeye aliomba kwanza kipimo cha eko, akakitazama kwa muda: damu ilishaanza kuvuja kidogo kurudi nyuma. Mlango ukitanuliwa kupita kiasi huchanika, na mlango uliochanika vibaya hutaka kifua kifunguliwe. “Inatosha,” akasema, akaanza kuutoa mrija.

Wengi huwasifu madaktari wa moyo kwa ujasiri wa kuingia. Mimi nausifu zaidi mkono ule uliokubali kuacha. Umemwachia yule dada mlango usio mzima, lakini wenye nafasi ya kutosha kupandia ngazi, na sindano ya penisilini ya kila mwezi ambayo bado anapaswa kuifuata kliniki.