Rhino Charge: Mbio Zisizopima Mbio

Mafundi wa magari hapa Majengo wakianza kubishana kuhusu Rhino Charge, maneno hayatoki kwenye injini: ya nani kubwa, nani kainua springi. Naona wanaanzia mkiani. Mashindano haya, yaliyoanza 1989 ili kuchangisha fedha za ua wa stima wa kuzunguka Milima ya Aberdare, hayampi ushindi mwenye kasi. Timu ina muda wa saa 10 kufikia vituo 13 hivi vilivyotawanywa nyikani, pasipo barabara, na anayevimaliza vyote kwa kilomita chache zaidi ndiye bingwa.

Ufundi wote umezaliwa na kanuni hiyo. Ramani hutolewa jioni ya kuamkia siku yenyewe, basi usiku ni wa rula na penseli. Tuseme mstari ulionyooka unakatiza korongo. Ukilizunguka, umeongeza kilomita mbili. Ukilivuka, winchi itakula saa nzima. Ndiyo maana kila timu ina wakimbiaji. Hawa hutangulia kwa miguu, wakachungulia ukingo na kuamua njia kabla dereva hajajitia mtegoni. Kwa maoni yangu hao ndio wanaoshinda. Mshika usukani hutii tu.

Gari nalo lina yake. Upepo wa matairi hupunguzwa ili yakanyage kwa upana, yasizame mchangani. Difu ya kawaida, ile inayogawia magurudumu mawili nguvu ya injini, ina udhaifu: gurudumu moja likining'inia hewani, huzunguka bure na mwenzake aliye chini akabaki kimya. Difu ikifungwa, yote mawili huzunguka pamoja, na lililoshika ardhi likavuta. Penye ukuta wa mawe, waya wa winchi hupitishwa kwenye kapi iliyofungwa mbele, kisha ukarudi kufungwa garini. Nguvu huwa karibu maradufu, mwendo nusu, na dakika zinaendelea kuhesabiwa.

Watazamaji hujazana kwenye Gauntlet, ambako vituo vimesongamana na magari hubinuka. Vumbi, vifijo, sawa.

Fedha ndizo zilizotufikia sisi. Ua wa Aberdare, wa kilomita 400 hivi, ulikamilika 2009. Mwaka 2012 kazi ikaanza Mlima Kenya. Huo ndio ua wa stima unaopita upande wa juu wa mashamba ya Embu na Meru, kumzuia ndovu asishukie mahindi na migomba. Ndiyo maana timu isiyofikisha kiwango cha mchango haipewi nafasi ya kuwasha gari, hata iwe na winchi ya namna gani.